Maombi ya Kufunga Mkutano

Mama alifagia soko la mji wetu mdogo, huku kwenye mashamba ya majani chai, mpaka akastaafu. Hakuwa na shamba wala mahali pengine pa kuweka sufuria. Alikuwa na vile vyumba viwili vya baraza la mji, na ndivyo watu wa mradi wa nyumba mpya walivyotaka kuvibomoa.

Walikuja kutuuliza maoni, eti. Watu wazima walisimama uani mmoja baada ya mwingine wakasema hapana: nyumba mpya hatuzikatai, lakini tutalala wapi zikijengwa, na nani atarudishwa? Afisa wao aliitikia kwa kichwa, kalamu yake ikiwa mfukoni. Niliona, nikanyamaza. Kisha akasema, "Basi tufunge na maombi." Kwetu mkutano hauishi bila maombi, hata kama mmetukanana.

Nilimsukuma mama. "Mama, omba wewe. Na uombe vizuri, hawa ni wageni."

Mama ni mtu wa kanisa, na mgeni kwake ni mgeni. Aliomba wafike kwao salama, Mungu awabariki, abariki na kazi ya mikono yao. Tukaitikia Amina. Yangu ilisikika kuliko zote.

Miezi ikapita, ripoti ikabandikwa getini. Niliwasomea majirani. Zile hapana zetu hazikuwemo, hata moja. Iliandikwa kwamba wakazi waliupokea mradi, wakauombea baraka, na mkutano mzima ukaitikia Amina.

"Soma tena," mama akasema.

Nikasoma tena. Uongo mtupu ningeupinga. Huu ulikuwa na sauti ya mama yangu ndani. Tulipeleka barua ya kukataa, tukajibiwa kwamba maoni yalishapokelewa. Niliwachukia watu wale, na bado nawachukia, wala sioni haya kusema.

Asubuhi tingatinga lilipokuja tulikuwa tumetoa vitanda barabarani, mvua ikinyesha. Mzee wa kanisa akasema tuombe kabla ya kutawanyika, maana wengine walikuwa wanaenda Chepilat kwa ndugu zao na wengine hawakujua waendako. Mama akasogea mbele kama kawaida yake, akafumba macho.

"Huyu asiombe," akasema jirani wa mlango wa pili, mama aliyenibeba mgongoni nikiwa mdogo. "Huyu alishatuombea."

Hakuna aliyemkemea. Nami niliyemsukuma mama siku ile nilikuwa nimeshika ncha ya kitanda chake, nikaangalia chini.