Mama, Mafuta na Mkono wa Kurushia

Mama yangu, mtu wa Tanga, ana ugomvi binafsi na baridi. Ikifika Novemba, nyumba yetu ya ghorofani hapa Thorncliffe, huku ughaibuni kwenye theluji, inanukia karafuu mpaka kwenye lifti. Hutoki nje hujapakwa: mafuta ya nazi yaliyochanganywa na ya karafuu, mikono, masikio, kifua, hata kama una ndevu. Na mimi ninazo.

Jumamosi ile tulikuwa na mechi. Si soka, ni ule mpira wa huku wenye umbo la papai, unaorushwa kwa mkono. Mimi ndiye kwotabeki wa timu yetu ya mtaani, yaani nikishapewa mpira natafuta mwenzangu aliyekimbia mbele, namrushia. Kocha alishaniambia wazi kwamba mipira yangu inakwenda ovyo kwenye baridi, na nikiboronga tena leo, nafasi anapewa kwotabeki wa akiba, Mkongo mmoja wa mtaa wa St. James Town. Jamani, nafasi ile nilikuwa naitaka kuliko chakula.

Na baridi haina adabu kwa mrushaji. Mpira unakakamaa kama kipande cha ubao, vidole vinakufa ganzi, hujui hata kama umeushika. Glavu kwenye mkono wa kurushia mimi siziwezi. Ndiyo maana nafunga kifuko kiunoni chenye vipakiti vinavyotoa joto, nachomeka mikono humo nikisubiri mchezo uanze.

Asubuhi nilimkatalia mama mafuta yake. "Leo hapana, mama. Mpira utateleza." Akanyamaza. Mama kunyamaza! Ningekuwa na akili ningeogopa pale pale.

Mpira wa kwanza ulinichomoka, ukaanguka nyuma yangu. Wa pili nilimlenga mwenzangu wa kulia, ukaenda kumtafuta refa. Nikachomeka mikono kwenye kifuko ipate moto, nikarusha tena, balaa tupu. Kocha akapiga kelele kwamba naogopa baridi. Nilikasirika mpaka nikajifunika uso kwa viganja, na hapo ndipo nikaisikia harufu. Karafuu! Ndani ya kifuko, katikati ya vipakiti, mama alikuwa ametandika kipande cha kanga kilicholoweshwa mafuta, na lile joto lilikuwa likiyayeyusha vizuri kabisa. Nikamtazama kule pembeni alikokaa na watazamaji. Akanipungia mkono.

Kocha akanitoa. Sijafungua mdomo, ameshanivua kifuko na kumfunga nacho Mkongo. Ningesema, wallahi ningesema, lakini mama alikuwa ameshafika na chupa yake. "Na wewe, baba, njoo. Utakufa na baridi bure." Akamsugua mikono yote miwili mpaka kwenye viwiko. "Aksanti sana, mama," akasema Mkongo, macho yamemlegea kwa raha. Sasa mimi ni nani hata nimkatishe mzazi akitenda wema? Nikainama kimya kimya, nikaanza kusugua viganja vyangu kwa theluji, kisha kwa suruali.

Maskini ya Mungu, mpira ulimtoka Mkongo hata kabla hajainua mkono. Uliofuata aliurusha kwa wapinzani, kifuani kabisa. Kocha akashika kichwa, akasema leo hakuna binadamu wa kurusha, kisha akanipungia nirudi kwa sababu hakuwa na mwingine.

Nikaingia na mikono mikavu inayouma kwa baridi. Nikarusha mpira mfupi, ukadakwa. Nikarusha mrefu, mwenzangu akaudaka kwenye mstari wa mwisho huku akilia kwamba viganja vinamwaka. Tukashinda! Nilishangilia mpaka nikapaliwa.

Kocha akaja kunipa mkono, lakini mama akawahi. Aliushika mkono wake kwa mikono yake miwili, akautikisa na kuutikisa, akimshukuru kwa kunilea. Alipouachia, kocha akautazama unavyong'aa. Akaunusa. Akanitazama mimi, akamtazama Mkongo, ambaye naye alikuwa anajinusa vidole. Nikajua nafasi yangu imekwenda na maji.

"Wiki ijayo unaanza wewe," kocha akasema hatimaye. "Na mama yako aje. Ila mkalishe upande wa wapinzani, na chupa yake."