Ugali niliouacha Kiseke

Leo mchana nimekataa ugali wa Mama Mkubwa, nyumbani kwake Kiseke, mbele ya ukoo mzima.

Siku ya Krismasi!

Mwezi wa nne nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo. Nikizidisha, natapika. Nikila haraka, natapika pia. Pale kwa Mama Mkubwa, dada yake mama, nilikuwa sijamwambia mtu.

Na kwake, anayeacha chakula ana neno moyoni.

Nilikula matonge mawili, nikasogeza sahani.

"Mwanangu, nimekukosea nini?"

Nikasema ukweli wote.

Mjomba ndiye aliyedakia: "Yaani umekatwa tumbo ili usile? Si ungehamia kwangu tu!"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Mama Mkubwa hakucheka. Alichukua sahani yangu, akaingia jikoni. Nikajua nimemuumiza.

Akarudi na kisosi. Kipande kimoja cha sato, miiba ameshaitoa.

"Kula taratibu," akasema, akakaa pembeni yangu.

Nyumba ile, hakuna anayeinuka kabla mkubwa hajanawa mikono. Wote walikuwa wameshamaliza.

"Dada, nawa basi, soda zinapata moto," mjomba akalalamika.

"Nitanawa binti yangu akimaliza."

Dakika ishirini na tano, nimeangalia saa. Ugali ulimkaukia vidoleni.

Nilipomeza kipande cha mwisho akaita maji, akaninawisha mimi kwanza.

Nashukuru sana, Mama Mkubwa.

Wenzangu wa upasuaji huu, leo nani amewasubiri mezani?