Jemadari Wangu na Mkoba wa Mama Mwalimu

Jamani, leo nimempekua mama wa watu mkoba, ukumbi mzima unatazama.

Nimepita hapa intaneti kafe niwaandikie mwenyewe, kabla hamjasikia kwa wengine.

Lilikuwa shindano langu la kwanza la vita vya mezani, kule Butimba. Mnapigana kwa askari wadogo wa plastiki na dadu. Wangu niliwapata kwenye mitumba Mkuyuni, nikawapaka rangi ya mtumbwi.

Nikapangwa na mwalimu mstaafu, umri wa mama yangu. Akawa ananichapa vibaya.

Mara nikaona jemadari wangu, yule mkuu wa askari wangu, hayupo mezani. Nikamshuku yeye.

"Mama, fungua mkoba."

Akamwaga vyote mezani: miwani, rozari, na karanga alizokuwa akinigawia tangu asubuhi.

Jemadari hakuwemo.

Hapo ndipo nikakumbuka hata kumwamkia sikumwamkia! Nikainama kwa aibu.

"Shikamoo, mama."

Jemadari akadondoka kutoka mfuko wa shati langu, juu ya karanga. Nilimweka humo mwenyewe, rangi isikwaruzike.

"Marahaba, baba." Akamsimamisha mezani. "Haya, zamu yako."

Kisha akanisogezea karanga.

Nikala. Ninyi mngekula?