Kwenda Kutazama Ziwa

Kwenye jiko la gesti hii mtu anapika kunde kwa magadi, na ule mvuke mkali umenirudisha mbali, hadi siku moja ya utoto wangu.

Asubuhi ile mama alifunika cherehani yake, akanivalisha sweta, tukatoka mtaani kwetu Mbotela, Nairobi, bila mpango.

"Mnaenda mashambani kwa nyanya?" jirani akauliza.

"Tunaenda kutembea tu."

"Kwa nani?"

"Kwa yeyote tutakayemkuta."

Jioni lori lilitushusha Magadi, kando ya ziwa yanakotoka magadi yenyewe. Ziwa lilikuwa la waridi, limeganda pembeni kama uji uliopoa, na ndege wa rangi hiyohiyo walisimama ndani yake kwa mguu mmoja. Nilisahau njaa. Nilitembea kinyumenyume ili nisiliache.

Lakini hatukuwa na jamaa pale wa kutulaza. Mama aliingia kwenye hoteli ya chai. Mwenye hoteli, mama mnene, aliona furushi letu, akapunguza sauti.

"Poleni, dada. Nani ametutoka?"

"Hakuna aliyekufa. Tumekuja kuona ziwa."

"Kutoka Nairobi? Maji yenyewe hata hayanyweki!"

"Tumekuja kuyatazama tu."

Alicheka hadi akajifuta machozi kwa leso. Kisha akachukua taa.

"Haya, watazamaji, nifuateni. Chumba cha nyuma kina dirisha."