Ua la Mtelemko wa Teodora

Teodora alimzika mwanawe wa kwanza kwenye mtelemko nyuma ya nyumba. Mtoto alikufa kabla ya ubatizo, na makaburi ya misheni hayakumpokea. Hakukuwa na msalaba. Alama ilikuwa ua lililokuwa likiota palepale tangu zamani: jekundu, halina jani hata moja, hutokeza mvua za kwanza zikinyesha na kuishi kwa kunyonya mizizi ya nyasi. Majirani waliliita kupe. Halikuliwa, halikutibu, na huko Njombe hakuna aliyewahi kuliona kwingine. Teodora aliwaacha waseme. Yeye alilipenda, basi.

Mama yake alikuwa amemfundisha kwamba kila Oktoba nyasi kuukuu zichomwe, ua lipate pa kutokea. Akachoma miaka ishirini bila kukosa.

Mwaka wa tisini na mbili, biashara zilipofunguliwa, kila mwenye jembe alitaka shamba la miti. Hosea, mtendaji wa kijiji, akapanda mtelemkoni na daftari lake.

"Kamwene, mama. Eneo hili limekaa bure. Lisipoendelezwa, kijiji kitampa mwingine."

"Mwanangu amelala hapa, baba."

"Kwenye fomu hakuna pa kuandika hivyo. Panda hata miti michache. Ukipanda, ni lako."

Angefanya nini? Akapanda mistari mitatu ya miwati, miti inayouzwa magome yake, kule juu kabisa, mbali na ua, kama mtu anayemtupia mbwa mfupa ili aache nyama. Akajiona amewaweza.

Miwati ikakua, ikapukutisha mbegu, mvua ikaziteremsha. Kila baada ya kuchoma, miche ilichipua mingi kuliko mwaka uliopita. Aling'oa hadi viganja vikachubuka. Nyasi zikafa kivulini. Maua yakatoka matano, mwaka mwingine mawili, kisha moja. Mwaka wa tisini na nane halikutoka hata hilo moja.

Ndipo Halfan, mnunuzi wa magome ya miwati kutoka Makambako, akaja na lori.

"Mama yangu, una mali hapa. Ulipanda miche mingapi?"

"Mistari mitatu. Mingine imejiotea."

Halfan akacheka. "Basi ulichoma moto. Mbegu ya muwati ina ganda gumu, hulala ardhini miaka na miaka. Moto ndio unaoiamsha. Wenzako huchoma makusudi."

Teodora akakaa chini pale pale. Alijichukia, akamchukia na Halfan kwa kicheko chake, na akashindwa hata kumlaumu mama yake, kwa kuwa enzi zake mtelemko haukuwa na muwati.

"Kata yote," akasema.

Halfan akakata, akapakia, akaacha visiki. Oktoba iliyofuata Teodora hakuchoma. Mvua iliponyesha aliteremka na jembe lake, akapita akiinama kati ya visiki, akitafuta wekundu. Aliona miche ya miwati tu, imesongamana kama maharage yaliyomwagika. Akajaribu kukumbuka hatua alizohesabu siku ya maziko, akachimbua hapa, akaacha, akaenda kule.

Hosea alimkuta hukohuko. Alileta karatasi yenye mhuri: eneo limeendelezwa, mwenyewe Teodora.

"Hongera, mama. Sasa hakuna wa kukunyang'anya."

Teodora akabonyeza kidole gumba kwenye wino, akaweka alama yake. Kisha akamuuliza, kwa kuwa hakuwa na mwingine wa kumuuliza, kama anakumbuka mtoto alilazwa wapi.