Saa ya Ng'ambo

Ukitoka Chonyonyo asubuhi kwenda upande wa Kyerwa, ukungu unakuwa umejaa mabondeni na vilima vimebaki vichwa tu. Gari likianza kushuka linazama humo taratibu mpaka dereva anawasha taa. Mimi napenda sana kipande hicho cha safari. Nakaa dirishani kwenye mchomoko, zile gari ndogo za abiria za kwetu, simu mkononi, na mara nyingi sijui kama nimesinzia au niko macho. Migomba inapita, kanisa linapita, mama mwenye mkungu kichwani anapita, kisha ukungu unafunga na ni kama sikuona kitu. Safari ile ya kwenda Isingiro kumpeleka bibi kwenye matibabu ya macho hunijia hivyo hivyo, nusu ndoto, isipokuwa asubuhi iliyofuata. Hiyo naikumbuka dakika kwa dakika.

Kazi yangu ni ufundi simu. Nina kibanda pale senta, meza moja, taa ya kubana na kopo la vioo vilivyopasuka, na nakiri kwamba kazi hii ilikuwa imenipa kichwa kikubwa. Wazee wananiletea simu niwawekee saa, niwawekee mwito wa kengele, niwafutie picha walizojipiga mfukoni bila kujua. Wateja wa Nyakakika, ambao wako karibu na mpaka, walikuwa wakija kulalamika kwamba simu zao zinachanganyikiwa: nyumbani zinasema saa hii, sokoni zinasema saa nyingine. Nikizishika mimi kibandani ziko sawa kabisa. Nilikuwa nawarudishia huku nikicheka, nawaambia waache rubisi, pombe yetu ya ndizi.

Bibi yangu, mama yake mama, alikuwa akiishi Isingiro, juu kabisa ya mlima, kibanja chake cha migomba kikitazamana na vilima vya Rwanda ng'ambo ya mto. Alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Aliweza kutofautisha mlango na ukuta, mchana na usiku, basi. Kahawa alikuwa bado anaianika mwenyewe, anaipapasa kwa viganja na kutoa mbovu moja moja, na akikosea alikuwa anasema mbovu zimejificha makusudi. Kupofuka kwenyewe hakukumuuma sana. Kilichomuuma ni kwamba mwanangu wa kwanza alipozaliwa, kila aliyemwona alisema katoto kamechukua sura ya bibi, na bibi mwenyewe hakuweza kuhakikisha. Tulimpelekea mtoto, akampapasa uso mzima, pua mara mbili, kisha akatikisa kichwa.

"Mikono haioni," alisema. "Mtu ananiambia sura yangu imezaliwa upya, na mimi sijaiona. Si ni wizi huo?"

Kwa hiyo mjomba wangu aliposikia kwamba kuna madaktari wa macho wanaokuja, alitembea hadi zahanati na kuandikisha jina la mama yake. Gari lingekuja saa tatu kamili asubuhi, lichukue walioandikwa, liwapeleke hospitali kufanyiwa upasuaji. Viti vilikuwa vya kuhesabu. Siku hiyo mjomba alikuwa na kibarua cha kuchuma kahawa kwenye shamba la watu na hakuweza kukiacha, akanipigia simu: mpeleke bibi zahanati, basi, hiyo tu ndiyo kazi yako. Mke wangu na mtoto walikuwa waje siku bandeji itakapofunguliwa, ili uso wa kwanza bibi kuuona uwe ule.

Nilifika alasiri. Bibi alikuwa amekaa barazani na kikapu cha kahawa za kutafuna, ananusa hewa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mume wangu. Betri umeleta?"

Alikuwa ameniagiza betri za redio, kwa kuwa redio ndiyo iliyokuwa saa yake. Nikamwambia betri za nini wakati mimi nimekuja na simu. Akasema simu haiimbi nyimbo za asubuhi. Nikasema inaimba, na nikampigia wimbo mmoja wa kwaya, akasikiliza akiwa amekunja uso kama anayeonja mboga ya mkamwana.

Jua lilipokuwa likizama tulibaki pale pale barazani. Vilima vya ng'ambo viligeuka bluu, kisha zambarau, kisha vikawa mstari tu, na taa chache zikawaka upande ule, moja hapa moja pale. Bibi hakuziona lakini alijua zilipo. Alinionyesha kwa kidole, sawasawa kabisa, mahali mama yake alipovukia mto akiwa amembeba mgongoni. Hakukumbuka chochote cha safari hiyo ila harufu ya kitenge kilicholowa. Simu yangu ikalia. Ulikuwa ujumbe wa mtandao wa ng'ambo, unanikaribisha Rwanda na kunitakia matembezi mema. Nilicheka sana. Nikamwambia bibi kwamba nimesafiri nchi nyingine nikiwa nimekaa kwenye kigoda chake, akasema basi nimsalimie ndugu zake. Nililala na furaha ile, najiona msafiri.

Kengele ya simu iliniamsha saa kumi na mbili kamili, kama nilivyoitega. Nje palikuwa peupe. Ukungu ulikuwa umefika hadi mlangoni, mweupe kila upande, migomba ya karibu ndiyo peke yake iliyoonekana. Bibi alikuwa ameshavaa gauni lake la kanisani, kitenge kipya juu, kifurushi magotini, amekaa kizingitini.

"Umelala kama bwana harusi," alisema. "Inuka twende, tumechelewa."

"Bibi, ndiyo kwanza saa kumi na mbili."

"Saa kumi na mbili ya wapi? Watoto wa shule wameshapita."

"Labda leo wana usafi."

"Na ng'ombe wa jirani?"

"Wametolewa mapema."

"Na mwanga nao umetolewa mapema? Hata mimi nimeona kumekucha."

Nilimwambia huku juu mlimani kunakucha mapema kuliko kwetu Chonyonyo. Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu anayejua, na nilikuwa naamini. Kisha nikachukua simu nikaiweka mbele ya uso wake, kioo kikiwaka, aone mwenyewe. Nikabaki nimeishika hivyo, mbele ya yale macho yenye utando wa maziwa, mpaka nilipokumbuka. Bibi hakunicheka. Aliweka kifurushi chini.

"Haya," alisema. "Mambo hayo unayajua wewe."

Tukawa na muda tele wa ziada, na siwezi kudanganya, ulikuwa mtamu. Nilibandika chai yenye tangawizi. Tulikula viazi vya jana. Nilimpiga picha kumi na kitu katikati ya ukungu, amesimama, amekaa, ameshika mgomba, nikimwambia hizi ni za kabla, nyingine tutapiga baadaye tulinganishe. Alinyoosha kitenge na kuinua kidevu. Aliniuliza kama amezeeka sana, nikamwambia kidogo tu, akasema nataka kuona uongo huo kwa macho yangu. Tulizungumza habari za mtoto: anacheka vipi, nywele zake zikoje, masikio amechukua ya nani. Ukungu ulianza kuchanika na vilima vya ng'ambo vikatokea vipande vipande, vimening'inia hewani bila miguu. Sikuwa na haraka hata kidogo.

Saa mbili kamili ya simu yangu nikampigia mwenye bodaboda. Simu haikutoka. Nikapiga tena, sauti ya mama wa kwenye mtambo ikaniambia maneno kwa Kinyarwanda. Nikamshika bibi mkono tukashuka kwa miguu, yeye akihesabu mawe ya njiani kwa vidole vya miguu na kuniambia mapema pa kuruka. Huko chini kwenye njia panda tulimkuta mwenye pikipiki akifuta kiti.

"Shikamoo bibi. Mnaelekea wapi saa hizi?"

"Zahanati," nikamjibu. "Kuna gari la macho. Tuna nusu saa, twende polepole, bibi asitikiswe."

Aliacha kufuta. "Gari la macho? Limeshapita hapa, kaka. Nimelipisha mimi mwenyewe, limejaa watu."

Nikatoa simu nimwonyeshe. Ikatetemeka mkononi: tumeshuka bondeni, mlima umeziba ng'ambo, mtandao wa kwetu umerudi. Ilikuwa inasema saa mbili na dakika ishirini na tano. Mbele ya macho yangu ile saa mbili ikawa saa tatu. Hakuna kilichobadilika duniani, yule jamaa bado alikuwa ameshika kitambaa chake, bibi bado alikuwa ameniegemea, lakini saa nzima ilikuwa imetoweka. Wenzetu wa ng'ambo wako nyuma yetu kwa saa moja. Kitu hicho nilikisoma shuleni, na wateja wa Nyakakika walikuja kunieleza kwa midomo yao, na mimi nikawaambia waache rubisi.

Tulipanda hivyo hivyo, bibi katikati, mimi nyuma nimemkumbatia. Uwanja wa zahanati ulikuwa mtupu, alama za magurudumu mbichi kwenye tope. Muuguzi alitoka akatuambia kwa upole kwamba walisubiri robo saa, jina lilisomwa mara tatu, mwisho kiti akapewa mama mwingine aliyekuja kumsindikiza dada yake. Watarudi lini, hajui. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Jina langu walilisoma vizuri?" aliuliza. "Lote?"

"Lote, bibi."

"Haya, asante."

Tulikaa kwenye benchi la zahanati. Nilimwambia, nisamehe bibi. Akaniambia ninyamaze nisimlize mbele za watu, kisha akataka kujua imekuwaje. Nikamweleza kwamba simu ilichukua saa ya ng'ambo, na kwamba kule sasa hivi ndiyo kwanza saa tatu kasorobo. Alifikiri kidogo, akageuza uso upande wa vilima.

"Basi kule bado tunawahi," alisema, na akacheka mpaka mabega yakatikisika. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona tena, nikatamani anitukane.

Mjomba alikuja jioni moja kwa moja kutoka kibaruani, mikono myeusi kwa utomvu, na kuku wa kuwapikia wageni ambao wangekuja siku ya bandeji. Alimkuta mama yake amekaa barazani, macho yale yale. Alisimama na yule kuku.

"Mama, imekuwaje?"

Nilifungua mdomo. Bibi alikuwa ameketi karibu nami, na chini ya kitenge chake akanikanyaga mguu, kwa nguvu.

"Ni mimi," alisema. "Niligoma kutoka. Nilitaka ninywe chai kwanza, nibadilishe gauni. Mpwa wako wa watu alinibembeleza mpaka akachoka."

Mjomba si mtu mbaya, lakini alikuwa amechoka na alikuwa ametembea mbali kuandikisha lile jina. Alimsema mama yake kama anavyosemwa mtoto. Alimwambia ni mbishi, hana shukrani, anajali magauni uzeeni, na kwamba yeye hatatembea tena kumtafutia daktari yeyote. Bibi alikuwa anaitikia, ndiyo baba, kweli baba, ameinamisha kichwa. Mimi nilikuwa nimeshika kikombe cha chai. Nilikunywa. Nilijiambia nitamwambia mjomba kesho, akishapoa, na kesho nikapanda gari asubuhi kurudi Chonyonyo, ukungu mtupu njia nzima, nikasinzia.

Lile gari halikurudi katika uhai wa bibi. Mtoto alikua, akaanza kutembea, bibi akaendelea kumpapasa kila tulipokwenda, akilalamika kwamba pua inabadilika. Kisha kifua kikamshika, na msimu wa senene tukamzika kibanjani pake, upande unaotazama ng'ambo.

Pale kaburini mjomba ndiye aliyeongea kwa niaba ya familia. Alieleza jinsi mama yake alivyopenda kazi, jinsi alivyopenda kanisa, na baadaye, akitabasamu huku machozi yanamtoka, akawasimulia watu kile kisa. Mama yetu, alisema, angekufa anaona. Gari la madaktari lilikuja hapa hapa kumchukua, yeye akagoma kutoka mpaka anywe chai na kubadilisha gauni. Watu wakacheka kwa upendo, wakatikisa vichwa, mama mmoja akasema huyo ndiye yeye. Mke wangu alicheka pia, mtoto akiwa mgongoni, na ile sura ya bibi. Mimi nilikuwa mbele kabisa na wanaume wenye makoleo. Mjomba alinitazama, akasema muulizeni huyu, alikuwepo.

Nikaitikia kwa kichwa, nikaanza kufukia.