Mpishi aliyekamatwa akitupa saladi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, theluji imeganda madirishani, na Ydalia Peguero anapanda ngazi kwenda ghorofa ya tatu, kofia ya wavu ya jikoni ikiwa tayari kichwani. Kila baada ya ngazi kadhaa anasimama kuyapumzisha magoti. Anafungua mlango wa chumba kilichokuwa zamani stoo ya viti vibovu, na mwanga mweupe unammwagikia usoni.

"Mmeamkaje, mabinti?"

Mabinti ni letusi, sukuma, haradali na rihani. Wamejipanga kwenye rafu nne, mizizi ikining'inia ndani ya maji, bila punje ya udongo. Pampu ndogo inanguruma taratibu. Mama huyu anachovya majini kipande cha karatasi inayobadilika rangi, anakitazama kwenye taa, kisha anasonya.

"Maji yamekuwa makali. Hawa hawataki maji makali, wananuna kama mama mkwe."

Anaongeza jagi mbili za maji safi, anachovya tena, anatabasamu. Baada ya saa moja na nusu atakuwa chini jikoni, akiandaa chakula cha mchana cha watoto mia nne na kumi na wawili.

Shule nzima, hapa kusini mwa Bronx, inamwita Mama Yda. Ana miaka hamsini na minane, na kumi na tisa kati ya hiyo ameimaliza katika jiko hili. Muda anaoutumia na mimea haumo kwenye mkataba wake.

"Hanilipi mtu," anasema. "Lakini nikibaki nyumbani nitatazama televisheni na kula mkate. Bora nije niwaone wanangu."

Ukimsikiliza, utadhani amezaliwa akitafuna majani. Sivyo kabisa.

"Miaka kumi na saba niliwapakulia watoto mboga ambazo mimi mwenyewe sizili," anasema bila haya. "Kwetu kisiwani, mjini Moca, baba alilima muhogo na ndizi. Asubuhi tunaponda ndizi, tunaweka vitunguu, jibini ya kukaanga na soseji ya salami juu yake. Majani? Baba alisema majani ni ya mbuzi, na sisi hatukuwa mbuzi."

Baba huyo alikatwa mguu kwa ugonjwa wa sukari akiwa na miaka sitini na mmoja. Miaka miwili iliyopita daktari alimwambia Yda kwamba sukari yake nayo imeanza kupanda.

"Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja kununua keki," anasema, na kucheka mpaka anashika ubavu. "Nilikuwa na huzuni! Ungetaka nifanye nini?"

Aliyembadilisha hakuwa daktari. Alikuwa Nashaly Cintrón, wakati huo akiwa na miaka saba, mtoto aliyejulikana jikoni kwa kumwaga mboga zote kwenye pipa kabla hajakaa mezani. Mama Yda alikuwa akimbembeleza kila siku: "Njoo, mama. Tonge moja tu. Ni tamu hii."

Siku moja Nashaly aliingia jikoni kurudisha sinia, akamkuta Mama Yda amesimama kando ya pipa, sahani imeinama, saladi inateremka.

"Mama Yda! Umetupa!"

"Nimeshiba, mama."

"Hujaonja hata kidogo. Nimekuona."

Mwenzake wa jikoni, Mina Batista, aliacha kuosha masufuria ili asikose neno. "Leo umepatikana, shoga," akasema.

Nashaly hakucheka. Aliuliza, "Kama ni tamu, mbona wewe huli?"

"Nina wajukuu watatu," anasema Mama Yda, "na hakuna aliyewahi kuninyamazisha. Yule mtoto alininyamazisha. Usiku ule sikupata usingizi. Nilijiona mwongo."

Wiki chache baadaye mwalimu wa sayansi, Tevin Abernathy, alipata rafu za kilimo cha maji kutoka kwa wafadhili. Alihitaji mtu mzima wa kufika mapema kila siku kuangalia maji. Walimu wote waliangalia viatu vyao. Mpishi akanyoosha mkono.

"Nilidhani anatania," anakiri Abernathy. "Siku ya pili alinipigia simu kulalamika kwamba nimechelewa."

Jambo la kwanza alilofanya Mama Yda ni kumwita Nashaly. Wakakubaliana: kitakachoota watakila wote wawili, na atakayekitema ni mwoga.

Baada ya wiki tano walichuma majani ya haradali. Darasa zima lilisimama kuwatazama.

"Yanauma ulimi!" Nashaly alipiga kelele.

"Yana ladha ya soksi," akasema mwenzake aliyekuwa ameonja pembeni.

"Ya soksi ya nani?" akauliza Mama Yda, machozi yakimlengalenga kwa ukali wa majani. "Umeshakula soksi ngapi wewe?"

Alimeza. Nashaly naye akameza. Kesho yake mtoto alirudi akaomba mawili.

Tangu hapo, watoto ishirini na wanne wa darasa hilo hupanda mbegu, hupima urefu wa mimea na kula wanachovuna. Ijumaa Mama Yda huwafundisha mwenyewe. Huweka soda mezani, kisha huwaachia watoto wahesabu vijiko vya sukari vinavyolingana na ile iliyomo. Hesabu hufika kijiko cha kumi.

"Simwambii mtoto kwamba mama yake anakosea," anasema. "Namwonyesha vijiko. Nyumbani atasema mwenyewe."

Januari mwaka huu bustani nusura ife. Vidukari, wadudu wadogo wa kijani wanaofyonza utomvu, walivamia rafu ya chini, na baada ya siku nne walikuwa kwenye zote. Mwalimu Mkuu, Bi Rosalind Achterberg, alipanda akaona, akakunja uso. Dawa haikuwezekana, kwa kuwa majani yale ni ya kuliwa.

"Siku kumi," alisema. "Wakiwa bado wapo, vyote vinatolewa. Siwezi kufuga wadudu shuleni."

Watoto wawili walilia. Mama Yda anasema naye alilia, lakini jikoni, akisingizia vitunguu.

Abernathy aliagiza msaada: wadudu wekundu wenye madoa meusi mgongoni, ambao chakula chao ni vidukari. Walifika elfu moja na mia tano ndani ya mfuko wa kitambaa. Baridi huwalaza, kwa hiyo mwalimu aliwaweka kwenye friji ya ofisi ya walimu, akasahau kuandika chochote juu yake. Adhuhuri Mina alifungua friji hiyo kutafuta maziwa, akaona mfuko, akaufungua kuchungulia, na wadudu walioamka wakaanza kuruka nje.

Sauti yake ilisikika ghorofa ya tatu. "Yda! Maharage yako yanatembea!"

Bi Achterberg alitoka ofisini kwake akiwa na mdudu mmoja juu ya nywele.

"Mama Yda, niliomba wadudu wapungue."

"Wanapungua, Mwalimu Mkuu. Hawa ni askari. Naomba usigeuke ghafla, una mmoja kichwani."

Mina aliogopa kwamba leo ndiyo leo. Mwalimu Mkuu alimchukua yule mdudu kwa kidole, akamtazama akitembea hadi kwenye kucha. "Siku zilizobaki ni sita," alisema, akampeleka juu yeye mwenyewe.

Mama Yda alishona chandarua kutokana na mapazia yake ya zamani ili askari wasitoroke. Watoto walikuja kila mapumziko kuhesabu vidukari kwa lenzi. Siku ya kumi hawakumwona hata mmoja kwenye haradali na sukuma. Letusi karibu yote ilikuwa imekufa.

Karamu ya saladi iliyopangwa iligeuka kuwa majani mawili kwa kila mtoto. Bi Achterberg alipewa mawili vilevile. Nashaly alisimama mbele yake mpaka alipomeza.

Wiki iliyofuata bibi yake Nashaly, Bi Eduviges, aliingia jikoni, mkoba kwapani. "Ni wewe unayenisumbulia mjukuu?"

"Kafanya nini tena?"

"Kanirudisha dukani kwenye baridi. Eti maharage yangu hayana majani! Mimi, niliyepika maharage miaka hamsini!" Alivuta kiti, akakaa. "Haya. Nipe mbegu."

Sukari ya Mama Yda imeshuka, ingawa keki hajaiacha kabisa. Kinachomkosesha raha ni kwamba Septemba chumba kinaweza kuhitajika kwa darasa la kusoma. Mwalimu Mkuu amesema atajaribu, lakini hakuahidi.

Mama Yda hasubiri. Abernathy amemwonyesha bustani ya ndoo moja, isiyotaka pampu wala umeme, ila dirisha lenye jua. Anaomba ndoo za achari kwenye migahawa ya mtaani kwao. Amepata kumi na saba. Anataka ishirini na nne kabla shule haijafungwa mwezi wa Juni, ili kila mtoto aende na yake nyumbani.

"Chumba wanaweza kukichukua, ni chao," anasema. "Lakini madirisha ishirini na manne, watayachukuaje?"